Mkono Ndani ya Kibodi Fupi

Magembe aliniambia nije kumsindikiza mwanangu kuchagua kibodi. Ni hilo tu aliloniambia. "Mzee Kashindye, leo fainali. Mtoto akimwona mzazi wake pembeni anatulia," alisema kwenye simu, sauti tamu kama ya mtu aliyekuja kuposa. Nikavaa shati langu la Idi, nikaenda.

Ukumbi wa kata yetu ya Mwanzige ulikuwa umepigwa rangi upya upande unaoonekana na kamera. Upande wa pili ukuta ulikuwa vilevile, na ule ufa wake. Katikati waliweka meza ndefu, na juu yake kibodi zimelundikwa kama viatu vya mtumba. Nshoma alikuwa ameshafika. Ndiye mwanangu wa pekee, bado hajatimiza umri wa kupiga kura, na ana vidole virefu vya marehemu mama yake. Alikuwa anazinyanyua moja moja, anazipima uzito, anabonyeza kitufe kimoja na kusikiliza, kama mwanamke anayegonga tikiti maji kabla ya kulinunua.

"Si uchukue ile ndefu uliyoizoea?" nikamwambia.

"Ndefu inakula meza, baba. Tazama." Akaiweka mbele yake, akashika kipanya kwa mkono wa kulia, akakivuta kwa nguvu kushoto. Kikagonga ubavu wa kibodi, ka! "Umeona? Adui katokea kushoto, mimi niko napigana na namba. Nani anapiga hesabu vitani?"

Wenzake wanne wa timu wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee anataka tuingie Bomani na kikokotoo."

Boma ndio mchezo wenyewe. Watano wanalinda ngome, watano wanaivunja, kisha wanabadilishana. Askari yuko kwenye skrini, wewe uko kwenye kiti, na vidole ndio miguu yake. Ndiyo maana kibodi inachaguliwa kwa uangalifu hivyo. Iliyo fupi imekatwa namba, imekatwa mishale, imekatwa hata ile safu ya juu kabisa. Mkono wa kipanya unapata uwanja wa kukimbia. Hasara yake ni kwamba vitufe vilivyokatwa kazi zake bado zipo. Kurusha bomu kupo, kuinama kupo, kumwita mwenzio kupo. Itakubidi ubonyeze viwili kwa pamoja upate cha tatu, na wakati unatafuta cha tatu umeshapigwa risasi.

"Basi chukua hii," akasema Magembe.

Sikuwa nimemwona akiingia. Mwenyekiti wa Bodi ya Mchezo, tai shingoni, jasho juu ya mdomo. Alitoa kwenye begi kibodi nyeusi iliyofungwa kitambaa laini. Haikuwa na herufi hata moja. Ilikuwa ndogo, unaweza kuifunika kwa viganja viwili.

Nshoma hakuipima uzito. Hakugonga kitufe asikilize. Aliichomeka tu kwenye kompyuta ya majaribio, akaanza. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana mtu hachukui hivyo kitu anachokiona mara ya kwanza.

Askari wake akakimbia uani, akaruka ukuta, akainama, akarusha, vyote kama maji yanayomiminwa. Akafika kwenye mlango wa ngome. Akarudi nyuma hatua moja. Akatazama chini. Kisha akaingia.

"Rudia," nikasema.

"Nini, baba?"

"Pita mlango mwingine."

Akapita mwingine. Askari akarudi nyuma hatua moja, akatazama chini, akaingia.

Mke wangu Mwashi alipokuwa binti alikanyaga nyoka kizingitini kwao. Hakuumwa, lakini tangu siku hiyo hakuwahi kuvuka mlango wowote moja kwa moja. Atarudi hatua moja, atatazama chini, ndipo apite. Nyumbani hivyo, dukani hivyo, hata siku tuliyofunga ndoa wageni walidhani amebadili mawazo. Na alipokuwa mchezaji mkubwa wa kata hii, askari wake alifanya hivyohivyo. Watazamaji walidhani ni ujanja wa vita. Nshoma hana tabia hiyo. Nshoma anaingia milangoni kama mbuzi aliyefukuzwa shambani.

"Nani kakufundisha kurudi nyuma?" nikamuuliza.

Mwanangu hakunitazama mimi. Alimtazama Magembe.

*

Wenye umri mdogo hawakumbuki mambo yalivyoanza. Mashine za kusafisha damu zilikuwa chache, kata nyingi, na watu wa figo wakazidi kila mwaka. Kila diwani akawa analilia mashine ije kwake. Wakubwa huko juu wakakaa, wakala, wakanywa, wakatoka na jibu: badala ya kugombana, zichezewe. Timu ya kata ikishinda, mashine inakaa kwenye zahanati yao msimu mzima. Ikishindwa, inapakiwa kwenye lori.

Tulipiga makofi! Nasema kweli, na mimi nilipiga. Tulisema afadhali mchezo, mchezo hauna mjomba ofisini.

Mwashi akaileta mashine Mwanzige, akaishikilia misimu mingi. Watu wa kata hii wamezeeka kwa vidole vyake. Halafu zikamshika yeye. Figo. Mikono ikaanza kutetemeka, na mchezaji akitetemeka timu inatetemeka. Wakashindwa. Lori likaja mchana kweupe, likaibeba mashine aliyoileta mwenyewe, ikaenda kata ya Itundu, na Mwashi akiwa amelala akisikia injini. Nikaenda Bodi kuomba imsubiri hata kidogo. Magembe aliniambia, "Kanuni ni kanuni, mzee wangu. Tukimsubiri mmoja tutawasubiri wote." Sasa kwani kuwasubiri wote kuna ubaya gani? Mwashi hakuumaliza msimu ule.

Siku ya arobaini Magembe alikuja. Alivaa kanzu, akakaa mkekani, akalia machozi ya kweli, mimi nimeyaona. Sisi kwetu, siku hiyo vitu vya marehemu vinagawanywa. Nguo kwa ndugu zake, vyombo kwa majirani, na waliofanya naye kazi wanapewa kitu kimoja cha kazi yake, wamkumbuke kwacho. Mkulima ameacha jembe, anapewa mwenzake wa shamba. Mwashi aliacha kibodi. Mzee wa ukoo akauliza nani wa kazini kwake yupo, Magembe akanyoosha mikono yote miwili, akapokea, akaipaka paji la uso wake. Nikasema moyoni, kumbe na hawa ni watu.

Alichopokea kilikuwa hiki. Chini ya kila kitufe cha kibodi za siku hizi pana sumaku. Zamani kitufe kilingoja kibonyezwe. Sasa kinakisikia kidole kikiwa bado hewani, kinajua kinakuja kwa kasi gani, kitaegemea wapi, kitasita wapi. Na kinakumbuka. Ukicheza miaka kwenye kibodi moja, ndani yake panabaki mwendo wako wote. Mafundi wanauita mkono. Ukiuchukua mkono wa bingwa ukautia kwenye kibodi fupi, ile shida ya vitufe vilivyokatwa inakwisha, maana mkono unajua mchezaji atataka nini kabla yeye mwenyewe hajajua, unamkamilishia. Kibodi inakuwa fupi kwa sababu ndani yake pana mtu.

*

Nilimvuta Magembe kwenye korido. Nshoma akatufuata.

"Umeiba," nikasema.

"Nimepewa. Mbele ya mashahidi, mbele ya mzee wa ukoo wenu. Kitu cha arobaini kinarudishwa? Wewe ndiye unayejua mila, niambie."

"Nilikupa umkumbuke!"

"Na ndivyo tunavyofanya. Tunamkumbuka kuliko wewe unavyodhani."

Ningempiga. Mkono ulishapanda. Nshoma akaushika.

"Baba, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Tangu mazoezi yaanze. Mwenyekiti alinionyesha." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku ya kwanza niliweka vidole, nikahisi vinasukumwa. Pole pole, kama zamani alivyokuwa ananishika mkono nijifunze kuandika. Nikajua ni mama. Nililia, nikaendelea kucheza."

"Na jioni unarudi nyumbani, tunakula sahani moja, hunambii."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Basi ndiyo maana."

Nilitazama ukuta ule wenye ufa. Kuna kuibiwa na mtu wa tai, hilo nimelizoea, nimezeeka nalo. Lakini huyu nimemlisha uji kwa kijiko.

"Kama kila kitu mmeshamaliza," nikamwambia Magembe, "mimi mmeniitia nini?"

Akajifuta jasho. Ndipo lilipotoka. Kwenye fainali mwamuzi husoma kila mkono uliomo kwenye kibodi na kumwita mrithi wake. Mrithi anasema mbele ya watu kwamba ameridhia. Walitaka Nshoma aseme, ikaonekana umri wake hautoshi. Nimebaki mimi. Nikiridhia, mchezo unaanza. Nisiporidhia, au nikilitengua neno langu wakati wowote, mkono unafutwa hapo hapo, na haurudi tena. Hakuna nakala inayobaki.

"Kwa hiyo kuja kuchagua kibodi..."

"Mwanao amechagua," akasema. "Bado wewe."

Mlango wa korido ukafunguliwa. Akaingia Kalunde, mdogo wake Mwashi, anatembea akishika ukuta. Miguu ilikuwa imevimba hata kandambili zimegeuka kamba tu. Mashine iko Itundu, na watu wa Itundu wana foleni yao. Yeye huenda kukaa nje ya zahanati yao akingoja mwenyeji mmoja asitokee, ndipo achukue nafasi yake. Wiki ile wote walikuwa wametokea.

"Shemeji, mbona umevaa shati la Idi?" akasema, anahema. "Au ndiyo unaoa leo bila kunipa taarifa?"

"Nani atanichukua mimi?"

"Hilo nalo neno." Akacheka, akakohoa, akakaa kwenye benchi. "Nshoma, mwanangu, leo nipiganie. Nimechoka kuomba watu wa Itundu waugue mafua."

Nshoma akapiga magoti mbele yake, akaishika miguu ile. "Nitakupigania, mama mdogo."

Magembe akasogea pembeni, nimwone Kalunde vizuri. Nimeshawahi kuona watu wakimchinjia mtu kuku huku wanamfunga kamba. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyofanya kazi zao. Wanakuweka mahali ambapo ukikataa wewe ndiye mbaya.

Nikafikiri. Nikisema ndiyo, mke wangu atafanyishwa kazi akiwa kaburini na watu walewale waliomnyima mashine. Nikisema hapana, kilichobaki cha mwendo wake duniani kinafutika kwa mdomo wangu, na huyu aliyekaa kwenye benchi anamfuata. Na Mwashi mwenyewe angesemaje? Angesema, nyie wanaume maneno mengi, mtoto wa mama yangu anaumwa.

"Kwa Mwanzige peke yake," nikamwambia Magembe. "Kwa mechi ya leo, na kwa mtoto wangu. Basi."

"Mwanzige peke yake."

"Apa."

Akainua kidole juu. "Naapa, mzee wangu. Haki ya Mungu."

*

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Upande wa kulia timu yetu, kushoto timu ya Itundu, wamevaa nyekundu, kibodi zao zimefunikwa vitambaa mpaka firimbi, kama kanuni inavyotaka. Kalunde walimkalisha mstari wa mbele. Mwamuzi, mama mmoja mnene mwenye kipaza sauti, akasoma mkono wa marehemu Mwashi, akaniita.

"Mrithi, umeridhia?"

"Nimeridhia," nikasema, na watu wakapiga vigelegele. Nikarudi kwenye kiti.

Nitasema ukweli: ilikuwa nzuri. Skrini kubwa ukutani ikamwonyesha askari wa Nshoma akishuka mteremko, na mimi nikamwona Mwashi. Ile namna ya kukata kona karibu kabisa na ukuta. Ile namna ya kungoja kidogo, kana kwamba amechelewa, halafu anatokea mahali usipomtarajia. Akaufikia mlango wa kwanza, akarudi hatua moja, akatazama chini. Machozi yakanitoka mbele za watu na sikujali. Kalunde akageuka, akaniambia kwa midomo tu bila sauti, "Dada."

Halafu kamera ikahamia kwa Itundu.

Askari wao wa kwanza akaufikia mlango wa nyuma wa ngome. Akarudi hatua moja. Akatazama chini. Akaingia.

Nikadhani macho yangu yananidanganya. Wa pili akafika. Akarudi hatua moja, akatazama chini. Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Wamepanga mstari, kila mmoja anamwogopa nyoka aliyekufa zamani kwenye kizingiti cha watu wasiowajua.

Watu wakaanza kucheka. "Wamefundishwa na mwalimu mmoja!" mtu akapiga kelele.

Kwenye skrini Mwashi akatokeza kwenye kona. Mwashi akamwona. Wakafyatua kwa pamoja, kwa namna ileile, wakaanguka wote wawili.

Kumbe neno langu moja lilikuwa limeufungulia mkono kibodi zote. Nilimtafuta Magembe. Alikuwa kwenye viti vya mbele, katikati ya wageni wa heshima, mmoja wao akimpigapiga begani. Akaniona. Aliinua mabega kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzie kwenye msongamano.

Sikumbuki nilivyotembea. Nakumbuka kipaza sauti cha mwamuzi kilikuwa na joto la mdomo wake.

"Natengua," nikasema.

"Mrithi, umesema?"

"Natengua! Sikuridhia mke wangu apigane na mke wangu. Mfuteni."

Nilisikia Nshoma akipiga kelele, "Baba, hapana!" na hapo hapo vikazima. Si skrini. Skrini ziliendelea kuwaka. Askari ndio waliosimama, wa Nshoma na wa Itundu wote watano. Wachezaji sita wakawa wanabonyeza kibodi fupi zisizo na herufi, na hakuna aliyejua kipi ni kipi. Nahodha wa Itundu, binti tu, aliinua vidole vyake akavitazama kama vya mtu mwingine.

Nshoma akachomoa waya, akanyoosha mkono kuelekea meza ya kando. "Nipeni ile ndefu! Nipeni, nitacheza na ndefu!"

"Kaa," mwamuzi akasema. Alikuwa ameshainama na Magembe wanasemezana. Akarudi kwenye kipaza sauti. "Mrithi ametengua mchezo ukiwa umeanza. Kwa kanuni, huo ni mchezo uliovunjika, na mchezo uliovunjika hauhamishi mashine. Mashine inabaki Itundu mpaka msimu ujao."

Nikamgeukia Magembe. "Hilo hukuniambia."

"Hukuuliza, mzee wangu." Alikuwa anakunja kile kitambaa laini, taratibu, kona kwa kona.

Ukumbi ulinizomea. Upande wa nyekundu hawakuzomea wala hawakushangilia, walikuwa wanavaa makoti. Nshoma alikuwa bado kwenye kiti, viganja juu ya ile kibodi nyeusi, haisukumi tena. Nilipomsogelea akasema bila kugeuka, "Nenda, baba. Tafadhali nenda tu."

Nikashuka. Kalunde alikuwa peke yake mstari wa mbele, watu wa jirani walishaondoka. Nilisimama mbele yake kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kusimama.

"Shemeji," akasema.

"Kalunde. Umeona walichomfanyia dada yako? Umeona?"

"Nimeona. Nina macho." Akavuta pumzi, ikachukua muda kufika. "Wao hawakukuuliza wewe. Na wewe hukuniuliza mimi. Nilikuwa hapa hapa, shemeji. Ungegeuka tu."

Nilifungua mdomo. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa juu ya Magembe.

"Usiseme," akasema. Akaninyooshea mikono yote miwili. "Niinue. Peke yangu siwezi."

Nikapitisha mikono chini ya kwapa zake. Alikuwa mzito, maji matupu. Nikamwinua.